Si kila gharika ni ya El Niño

Mvua za vuli za mwaka 2019 zilipoanza kumwagika, karibu kila niliyezungumza naye alikuwa na jibu moja: El Niño imerudi. Redioni hivyo, kwenye daladala hivyo, kwenye magrupu ya WhatsApp ya ukoo hivyo hivyo. Novemba ile milima ya West Pokot iliporomoka usiku na kufukia watu wakiwa wamelala. Ziwa Victoria nalo likaanza kupanda, na kufikia Mei 2020 lilikuwa limepita viwango vyote vilivyowahi kuandikwa tangu watu waanze kulipima. Lakini ukiifungua ramani ya joto la bahari ya miezi ile ukaitazama Pasifiki, ambako El Niño huzaliwa maji ya ikweta yanapopata joto kupita kawaida, hukuti kitu cha maana. Pasifiki ilikuwa imetulia.

Rudi nyuma miaka minne. Mwaka 2015 Pasifiki ilichemka kweli, El Niño ikawa miongoni mwa zenye nguvu kuliko zote zilizopimwa. Serikali zetu zikatenga fedha, mitaro ikazibuliwa, watu wa mabondeni wakaambiwa wahame. Watu wengi walikuwa bado wanaikumbuka 1997, jinsi barabara na madaraja yalivyokwenda na maji. Mvua zikaja, na sehemu kadhaa zilipata mafuriko, ila gharika ya kiwango cha 1997 haikutokea. Wengi wakawacheka watabiri, na bado wanawacheka. Kila tahadhari inapotolewa kuna mtu atakayesema, "Hata 2015 mlituambia."

Hilo linaniuma, kwa sababu watabiri hawakudanganya kuhusu El Niño. Tatizo ni kwamba sisi tumeifanya ndiyo jina la kila mvua kubwa, wakati mvua inayotuua ina wazazi zaidi ya mmoja, na kila mzazi ana tabia yake. Mimi kazi yangu ni kuchambua matokeo ya modeli za tabianchi, na sehemu kubwa ya siku zangu huishia kwenye swali hili: mvua ile iliyonyesha, nani hasa aliileta?

Ugumu wa swali ni kwamba anga halina marudio. Vuli ya 1997 ilikuja mara moja tu, na ilikuja na vitu viwili kwa pamoja: Pasifiki yenye El Niño kali, na Bahari ya Hindi iliyokuwa na joto lisilo la kawaida upande wetu. Ukiwa na kipimamvua na ramani peke yake, huwezi kutenganisha mchango wa bahari moja na wa nyingine. Zote zilikuwepo, mvua ikanyesha, basi.

Hapo ndipo modeli inapokuwa na faida. Modeli ya tabianchi haibashiri kwa kukariri mvua za zamani. Ni programu inayoigawa dunia yote kwenye visanduku vilivyopangwa safu juu ya safu, kuanzia ardhini hadi juu kabisa ya angahewa. Kwa kila kisanduku inakokotoa, kila baada ya dakika kadhaa, upepo unakwenda wapi, hewa ina joto gani, imebeba mvuke kiasi gani, jua limeingiza nishati ngapi na ardhi imerudisha ngapi. Kanuni inazotumia ni zilezile za fizikia zinazotawala hewa halisi. Kwa kuwa ni programu, unaweza kuiambia jambo ambalo Mungu hakulifanya: rudia 1997, lakini Pasifiki iache kama miaka ya kawaida. Kisha rudia tena, Pasifiki ichemke, Bahari ya Hindi itulie. Halafu linganisha mvua.

Wanasayansi wa tabianchi Lisa Goddard na Nicholas Graham walifanya kitu cha namna hiyo na kukichapisha mwaka 1999. Waliipa modeli joto halisi la bahari zote, kisha la Pasifiki ya tropiki pekee, kisha la Bahari ya Hindi pekee, wakatazama Afrika inapata mvua gani. Pasifiki peke yake haikutosha. Ilikuwa na ushawishi, lakini bila Bahari ya Hindi modeli haikuweza kutoa mvua sahihi kwa Afrika Mashariki, Kati na Kusini. Miaka kumi baadaye Caroline Ummenhofer na wenzake wakachimba zaidi: ndani ya Bahari ya Hindi yenyewe, ni upande upi wenye kauli? Wakapasha moto upande wa magharibi peke yake, wakapoza upande wa mashariki peke yake. Joto la upande wetu ndilo lililoleta sehemu kubwa ya mvua ya ziada. Baridi ya upande wa Sumatra, kisiwa cha Indonesia, ilichangia, lakini kidogo.

Mambo yanavyokwenda ni hivi. Katika miaka ya kawaida, mwezi Oktoba na Novemba, maji yenye joto zaidi yako upande wa Indonesia. Hewa hupanda kule, mawingu hujengeka kule, na hewa hiyo ikishamaliza unyevu wake huko juu hurudi na kushuka upande wetu. Hewa inayoshuka huua mawingu. Ndiyo maana vuli yetu kwa kawaida ni ya kiasi. Mwaka ambao maji ya Sumatra yanapoa na ya pwani yetu yanapata joto, mzunguko ule hulegea au hugeuka. Upepo wa ikweta unaopaswa kuelekea mashariki unakuja kwetu, umebeba mvuke, unapanda kwenye nyanda za juu za Kenya na Tanzania, na mvua inashuka wiki baada ya wiki. Hali hiyo huitwa Dipoli ya Bahari ya Hindi, upande wake chanya. Ya mwaka 2019 ilikuwa miongoni mwa kali kuliko zote kwenye kumbukumbu, na dipoli hiyohiyo iliyotufurikisha ndiyo iliyochangia kuikausha Australia hadi misitu yake ikaungua.

El Niño mara nyingi huiamsha dipoli, na hapo ndipo mkanganyiko wetu ulipotoka. Mwaka 1997 iliiamsha, tena kwa nguvu. Mwaka 2015 dipoli iliamka nusunusu. Mwaka 2019 iliamka yenyewe. Na kabla ya hapo kuna 1961, mwaka ninaourudia sana kwa sababu haukuwa na El Niño kabisa. Vuli ile, wakati Tanganyika inajiandaa kupandisha bendera yake, mvua zilinyesha Afrika Mashariki nzima hadi Ziwa Victoria likaanza kupanda, na ndani ya miaka michache lilikuwa limepanda zaidi ya mita mbili. Wazee wa Kenya wanayaita mafuriko ya Uhuru. Jina la dipoli lilikuja kuandikwa kwenye majarida ya sayansi mwaka 1999, karibu miaka arobaini baadaye.

Hiyo ni vuli, na vuli ndiyo rahisi. Masika ni mtihani mwingine.

Machi hadi Mei bahari hazina kauli kubwa kiasi hicho juu ya mvua zetu. Ukichukua joto la Pasifiki na la Bahari ya Hindi ukajaribu kuibashiri masika miezi mitatu kabla, mara nyingi utapata jibu dhaifu. Kinachoitawala masika kinakuja na kuondoka haraka zaidi. Chukua ya 2018, iliyokuwa miongoni mwa masika zenye mvua nyingi kuliko zote kwenye rekodi za Kenya. Ni masika ileile ambayo bwawa la Solai, Nakuru, lilipasuka mwezi Mei na kuua zaidi ya watu arobaini. Mary Kilavi wa Idara ya Hali ya Hewa Kenya na wenzake waliifuatilia mvua ile hatua kwa hatua, wakaikuta imekuja kwa vipindi, si mfululizo, na vipindi vyenyewe vilikwenda sambamba na wimbi kubwa la mawingu linalozunguka tropiki kutoka magharibi kwenda mashariki. Roland Madden na Paul Julian ndio waliolielezea wimbi hilo mwanzoni mwa miaka ya 1970, na hadi leo linabeba majina yao. Hupita kila baada ya siku 30 hadi 60 hivi. Likiwa juu yetu na juu ya Bahari ya Hindi, anga letu hufunguka. Likivuka kuelekea Pasifiki, hufungwa.

Machi ile kulikuwa na jambo la pili. Vimbunga Dumazile na Eliakim vilipita karibu na pwani ya mashariki ya Madagaska. Kimbunga kikiwa pale kinavuta hewa kutoka mbali, na kwetu upepo unageuka ukaja kutoka magharibi, kutoka bonde la Kongo, umejaa unyevu wa msitu. Siku za upepo wa magharibi ni chache katika mwaka, lakini zikitokea huwa na mvua nyingi kuliko siku za kawaida za upepo wa mashariki. Mwaka uliofuata mambo yakawa kinyume. Kimbunga Idai cha Machi 2019 kilikaa upande wa pili, katika mlango wa bahari wa Msumbiji, kikavutia unyevu kwake. Beira ikazama, na sisi masika yetu ikachelewa, wakulima wakapanda mbegu kwenye vumbi. Kimbunga kikiwa mashariki ya Madagaska kinaweza kutuletea mvua, kikiwa magharibi yake kinaweza kutunyang'anya. Sidhani kama kuna taarifa ya habari ya jioni iliyowahi kumweleza mkulima wa Kilosa jambo hili.

Kwenye masika ndipo pia modeli zenyewe zinapoaibika, na hili lisemwe wazi. Modeli nyingi za dunia nzima zinaipa Afrika Mashariki vuli kubwa kupita kiasi na masika ndogo kupita kiasi. Juu ya hapo, tangu miaka ya 1980 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2010 masika yetu ilikuwa inapungua, kwa kuchelewa kuanza na kuwahi kuisha, wakati modeli hizohizo zilisema dunia ikipata joto tutapata mvua zaidi. Wanasayansi wamebishana miaka kadhaa juu ya mgongano huo. Kisha zikaja masika za 2018, 2020 na 2024, zikafurika. Ndiyo maana mtu akiniambia "modeli zimesema", swali langu la kwanza huwa: za msimu gani?

Swali la pili huwa ni ukubwa wa visanduku, na hili nililielewa vizuri zaidi Ukerewe, kisiwani Ziwa Victoria, kuliko darasani.

Baba mdogo alivua dagaa maisha yake yote. Kazi ya dagaa ni ya usiku, tena usiku wa giza mwezi ukiwa haupo, taa zikielea majini kukusanya samaki. Nilimwonyesha kwenye laptop ramani ya mvua niliyokuwa naichora, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akanyoosha kidole.

"Mwanangu, ziwa liko wapi hapa?"

Nikamwonyesha: visanduku saba, kila kimoja kilomita mia kwa mia. Ukerewe haikuwepo. Ghuba ya Speke haikuwepo. Nikamweleza kwamba kwenye modeli nyingine za zamani ziwa lote lilikuwa kisanduku kimoja au viwili, na nyingine hazikuliweka kabisa, palikuwa nchi kavu.

Akaniambia jinsi wao wanavyolisoma anga. "Radi zikianza kupiga upande wa Musoma baada ya saa sita usiku, kusanya nyavu uondoke. Ukiziona upande wa Bukoba, hizo zimeshakupita."

Sikuhitaji kitabu. Mchana nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji, upepo unatoka ziwani kwenda nchi kavu, na mvua inanyesha milimani jioni. Usiku inageuka. Nchi kavu inapoa, maji yanabaki na joto lake, upepo kutoka pande zote za ziwa unakimbilia katikati. Hewa ikikutana pale haina pa kwenda ila juu, na inapanda ikiwa imejaa mvuke wa ziwa. Mawingu ya radi yanakua kuanzia usiku wa manane hadi alfajiri, na upepo wa jumla unayasukuma kuelekea magharibi. Ndiyo sababu Bukoba, iliyo magharibi mwa ziwa, hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na Musoma ng'ambo ya pili inapata takriban nusu yake. Baba mdogo alikuwa ananielezea mzunguko mzima wa hewa ya ziwa kwa kutumia majina ya miji miwili.

Kisanduku cha kilomita mia hakiwezi kuliona hilo. Wingu la radi lina upana wa kilomita chache, kwa hiyo modeli ya namna hiyo hailikokotoi wingu lenyewe. Inatumia fomula ya kukadiria: hewa ikiwa na joto hili na unyevu huu, basi mawingu kiasi fulani na mvua kiasi fulani. Matokeo yake ni manyunyu ya kila siku yanayoanza adhuhuri, wakati mvua halisi ya nchi kavu inakuja jioni, kwa kishindo, kisha inakaa siku kadhaa bila kurudi. Modeli inaweza kupata jumla ya mwezi karibu sawa na ya kweli na bado ikawa haijaona dhoruba hata moja. Milima nayo inasawazishwa. Kilimanjaro yenye mita 5,895, ukiichanganya na tambarare zake zote ndani ya kisanduku kimoja, unapata mwinuko wa kawaida tu.

Kwa hiyo kazi iliyonifurahisha kuliko zote katika miaka hii ni ile ya Ofisi ya Hali ya Hewa ya Uingereza iliyoendesha modeli ya Afrika nzima kwa visanduku vya kilomita 4.5. Ziwa Victoria hapo linapata visanduku zaidi ya elfu tatu. Fomula ya kukadiria mawingu ya radi imezimwa, mawingu yanazaliwa yenyewe kutokana na hewa inayopanda. Waliiendesha kwa miaka kumi ya hali ya sasa na miaka kumi ya hali ya mwisho wa karne hii. Dhoruba za usiku za ziwani zikajitokeza. Mvua ya nchi kavu ikahamia jioni, panapostahili. Na katika dunia yenye joto zaidi, mvua kali zikaongezeka nguvu kuliko modeli za visanduku vikubwa zilivyokuwa zikionyesha, huku vipindi vya ukavu kati ya mvua na mvua katika msimu navyo vikirefuka. Wim Thiery na wenzake walikuwa wameshaonya mwaka 2016, kwa modeli nyingine ya visanduku vidogo, kwamba dhoruba za juu ya Ziwa Victoria zitazidi makali kuliko za nchi kavu inayolizunguka. Kila nyuzi moja ya joto inaipa hewa uwezo wa kubeba takriban asilimia 7 zaidi ya mvuke. Juu ya ziwa lisilokauka, mvuke huo upo daima.

Je, ongezeko la joto la dunia lina mkono katika gharika ambazo tayari tumezizika? Hili nalo linajibika kwa modeli, kwa kulinganisha dunia ya leo na dunia ile ile ikiwa imepoa kwa nyuzi 1.2, kama ilivyokuwa kabla ya viwanda. Vuli ya 2023 ilikuja na El Niño na dipoli kwa pamoja. Ndiyo vuli ambayo matope ya Mlima Hanang yaliteremka Katesh tarehe 3 Desemba, yakaua zaidi ya watu 80. Kundi la wanasayansi la World Weather Attribution lilikadiria kwamba ongezeko la joto liliifanya mvua ya msimu ule kuwa kali hadi karibu maradufu, na dipoli nayo ikachangia kiasi kinachokaribia hapo. Masika ya 2024 walipoipima kwa njia hiyohiyo walipata kama asilimia 5 tu, tena kwa wasiwasi mwingi, wakaeleza kuwa ujenzi wa miji yetu na watu wengi kuishi mabondeni ndiko kulikozidisha maafa. Mimi nayaheshimu majibu yote mawili, na la pili nalithamini zaidi. Lingekuwa jambo rahisi kulitupia joto la dunia lawama zote.

Sasa, kwa nini mtu wa bonde la Jangwani, Dar es Salaam, au wa Kisumu ahangaike na wazazi wa mvua? Kwa sababu kila mzazi anapiga hodi kwa wakati wake. Dipoli inaonekana baharini miezi miwili au mitatu kabla ya vuli kukolea. Huo ni muda wa kuzibua mitaro, kuimarisha mabwawa, kuhamisha ghala la mahindi. Wimbi la Madden na Julian linatupa wiki mbili, pengine tatu, zinazotosha mkulima kuamua kuvuna mapema na mamlaka kupunguza maji bwawani. Kimbunga kinatupa siku chache. Hidaya ya Mei 2024, iliyofika hadi pwani ya Tanzania na kuikata barabara ya kusini kwenda Lindi na Mtwara, ilifuatiliwa na Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla haijafika nchi kavu. Dhoruba ya ziwani inatoa saa chache tu, na taarifa yake isipomfikia mvuvi kabla hajasukuma mtumbwi haina kazi. Ukiviita vyote El Niño, umevifuta vipimo hivyo vyote vya muda, na mwananchi anabaki na onyo moja la mwezi Septemba lisilomwambia afanye nini lini.

Ningependa taarifa zetu za hali ya hewa ziseme chanzo kila zinapotoa tahadhari. Sentensi moja inatosha: mvua hizi zinaletwa na upepo wa magharibi kwa sababu ya kimbunga kilichopo mashariki ya Madagaska, na zinatarajiwa kupungua kikisogea kusini. Watu wetu wataelewa. Wavuvi na wakulima wamekuwa wakifikiri kwa namna hiyo tangu zamani.

Na kuna kitu ambacho sisi wenyewe tunaweza kuwapa wenye modeli. Modeli inaaminika kadiri inavyoweza kurudia yaliyokwisha kutokea, na ili ujue imerudia sawasawa unahitaji mvua iliyopimwa ardhini. Kwa 1961 ushahidi wetu mwingi ni madaftari: ya misheni, ya mashamba ya mkonge na chai, ya ofisi za wilaya, ambako karani alimwaga maji ya kipimamvua kila saa tatu asubuhi na kuandika namba. Mengi hayajawahi kuingizwa kwenye kompyuta, na mchwa hawasubiri. Kama kazini kwenu au nyumbani kwa babu kuna daftari la namna hiyo, lipige picha ukurasa kwa ukurasa, pamoja na jalada lenye jina la mahali, kisha lipeleke ofisi ya hali ya hewa iliyo karibu nawe. Hata likiwa na mwaka mmoja tu.